Vitabu vya sampuli vya SMD: cha rezista nunua, cha kapasita kiache

Kitabu cha sampuli ni faili lenye kurasa za plastiki. Kila ukurasa una mifuko kadhaa, na kila mfuko umebeba kipande cha utepe wenye rezista au kapasita za SMD (zile ndogo zinazolehemiwa juu ya uso wa bodi) za thamani moja. Mara nyingi huuzwa viwili viwili, cha rezista na cha kapasita, saizi ileile na jalada lilelile, na kwa kuviangalia utasema ni mapacha. Kwenye matumizi havifanani kabisa. Kitabu cha rezista kinamfaa karibu kila anayejitengenezea bodi zake mwenyewe. Cha kapasita, kwa namna kinavyouzwa kwa kawaida, hakifai, na pesa yake ni afadhali inunue aina kumi na kitu za kapasita zilizochaguliwa moja moja kwa namba ya mtengenezaji.

Tofauti hiyo haitokani na kiwanda kuwa kibaya. Rezista ya kawaida inaelezeka kwa mambo matatu: ohm, asilimia, saizi. Lebo ya ukurasa ikikupa hayo matatu, unajua karibu yote unayohitaji. Kapasita ya seramiki inahitaji thamani, aina ya seramiki, volti, asilimia, saizi na hata unene wake, na lebo ya kitabu huandika mambo mawili tu kati ya hayo. Yanayoachwa ndiyo yanayoamua kama saketi itafanya kazi.

Saizi gani

Tarakimu nne za saizi husomwa kwa inchi. 0603 ni milimita 1.6 kwa 0.8, 0805 ni 2.0 kwa 1.25, 1206 ni 3.2 kwa 1.6, na 0402 ni 1.0 kwa 0.5. Upo mfumo mwingine wa tarakimu nne unaohesabu milimita, na mifumo hiyo miwili hugongana: 0603 ya milimita ndiyo 0201 ya inchi, kitu cha 0.6 kwa 0.3 ambacho ukipiga chafya hukioni tena. Tangazo lisiloonyesha vipimo kwa milimita lipite.

Kwa bodi za mkono, 0603 ndiyo ya kushika. Inalehemika bila hadubini kwa mwenye macho mazuri na taa ya kutosha, inakaa karibu na miguu ya chipu za siku hizi, na rezista zake kwa kawaida bado zina alama mgongoni. Rezista za 0402 hazina alama. Ikishadondoka mezani kati ya wenzake, itupe, kwa sababu muda wa kuipima unazidi bei yake. 0805 ni ya anayeanza, nayo ina faida moja inayosahaulika: kati ya pedi zake mbili (vipande vya shaba vya kulehemia) njia ya shaba ya milimita 0.2 hupita bila kubanwa, jambo linalookoa sana bodi ya upande mmoja. Ukisitasita kati ya hizo mbili, chora pedi za 0805. Rezista ya 0603 hukaa juu yake kwa lehemu ya mkono, lakini kuibandika 0805 kwenye pedi za 0603 ni mateso.

Katika KiCad, programu ya kuchora bodi, kila saizi ina matoleo mawili. Chagua lile lenye HandSolder mwishoni mwa jina: pedi zake ni ndefu kidogo, na ncha ya chuma hupata pa kugusa pedi na kichwa cha kifaa kwa pamoja.

Kitabu cha rezista

Kitabu kamili kina thamani 170, vipande 50 kila moja. Hesabu yake inaeleweka: mfululizo wa E24 una thamani 24 kwa kila ngazi ya mara kumi, ngazi saba, kutoka ohm 1 hadi megaohm 9.1, zinatoa 168. Ongeza megaohm 10 na ohm sifuri. Kinachokuja na thamani themanini na kitu kinafuata mfululizo wa E12, na hicho usikichukue hata kikiwa rahisi. Sababu moja inatosha. Kila kifaa kinachopokea umeme kwa soketi ya USB-C kinataka rezista mbili za 5.1k (ohm 5100), moja kutoka mguu wa CC1 wa soketi na nyingine kutoka CC2, zote kwenda ardhini (GND), na 5.1k haimo katika E12. Usijaribu kubana matumizi kwa kuunganisha CC1 na CC2 kwenye rezista moja. Raspberry Pi 4 ilitoka mwaka 2019 ikiwa hivyo, na nyaya zenye chipu ndani zilikataa kuipa umeme hadi bodi iliporekebishwa.

Chukua ya asilimia 1, ambayo kwenye namba ya mtengenezaji huonekana kwa herufi F. J ni asilimia 5. Mfano wa Yageo, RC0603FR-0710KL, husomeka hivi: familia ya RC, saizi 0603, F kwa asilimia 1, R kwa utepe wa karatasi, 07 kwa rili ya inchi 7, kisha 10K. Tofauti ya bei kati ya F na J ni ndogo kiasi kwamba J imebaki haina kazi kwenye meza ya mtu binafsi.

Alama za mgongoni zina mitego. 220 ni ohm 22, si ohm 220: tarakimu ya mwisho huhesabu sifuri za kuongeza, na hapa hakuna. Ohm 220 huandikwa 221. Vivyo hivyo 100 ni ohm 10. Rezista za asilimia 1 za 0805 mara nyingi hubeba tarakimu nne, 1002 ikiwa 10k, ilhali za 0603 huweza kubeba namba mbili na herufi, kwa mfano 01C. Hiyo 01 ni 100 katika jedwali la E96, na C ni mara mia, basi nayo ni 10k. Usikisie namba mbili hizo. 02 ni 102, na 30 ni 200. Weka jedwali karibu, au pima.

Ukipima, kumbuka makosa ya pande mbili. Chini, nyaya za maltimita zenyewe zina sehemu kadhaa za kumi za ohm, kwa hiyo rezista ya ohm 1 itasomeka 1.3 bila kuwa mbovu. Gusanisha ncha kwanza, kisha toa unachokiona. Juu, ukishika megaohm 10 kwa vidole viwili unapima ngozi yako. Ibane kwa kibano juu ya karatasi kavu.

Nguvu ndiyo inayounguza wengi, na hesabu yake haichukui dakika. 0402 hubeba wati 0.063, 0603 wati 0.1, 0805 wati 0.125, 1206 wati 0.25. Viwango hivyo ni hadi nyuzi 70 za mazingira. Kuanzia hapo hushuka mpaka sifuri kwenye nyuzi 155. Zidisha volti kwa volti, gawanya kwa wati, upate ohm ya chini kabisa: kwa 5 V juu ya 0603 ni ohm 250, kwa 12 V ni ohm 1440. Nusu ya kiwango ndiyo salama kwenye bodi iliyofungiwa kwenye boksi, kwa hiyo soma ohm 500 na ohm 2900. Ohm 100 moja kwa moja kati ya 5 V na ardhi ni wati 0.25, mara mbili na nusu ya uwezo wa 0603. Haikatiki papo hapo. Hubadilika rangi, thamani yake hupanda taratibu, na miezi baadaye saketi huanza visa.

Volti nazo zina mpaka wake, mbali na wati. Rezista ya 0603 mara nyingi huandikiwa 75 V, 0805 ni 150 V na 1206 ni 200 V. Umeme wa nyumba wa 230 V hufika kilele cha 325 V, kwa hiyo hata 1206 moja haitoshi hata ikiwa megaohm nzima. Panga angalau mbili kwa mfuatano, na kwa usalama tatu.

Thamani zenyewe hazina siri nyingi. Zitakazoisha mapema ni 10k, 1k, 4.7k, 5.1k, 100k, ohm 100 na ohm 330. Kwa hizo nunua vipande 200 au 300 vya ziada siku ileile unayonunua kitabu. Moja tu ya kuangalia ni 4.7k kwenye laini za I²C (nyaya mbili ambazo chipu na sensa huwasiliana kwazo), ambayo watu huiweka kwa mazoea. Kwa kasi ya 400 kHz, muda wa volti kupanda hauruhusiwi kuzidi nanosekunde 300, na muda huo ni 0.847 × R × C, R ikiwa rezista na C uwezo wa kapasita wa laini yenyewe. Kwa 4.7k unapata kikomo cha pF (pikofaradi) 75 hivi, ambazo waya mrefu kidogo na sensa tatu huzimaliza. Weka 2.2k na kikomo kinafika pF 160.

Kitabu hakikupi rezista za kupimia mkondo za chini ya ohm 1, wala za asilimia 0.1, wala 49.9. Hilo si kosa lake. Hizo hununuliwa kwa kazi maalumu. Na ile ohm sifuri isichukuliwe kama waya: kwa 0603 ruhusa yake ni ampea 1.

Upungufu wa kweli wa vitabu hivi ni wa ufungaji. Kurasa mbili hubadilishana mahali, au thamani moja hurudiwa na jirani yake kukosekana. Huna haja ya kupima zote 170. Chungulia alama kwa lenzi ukurasa kwa ukurasa, kisha pima zile utakazotumia wiki hiyo. Idadi nayo inakaguliwa kwa rula: kwenye utepe wa 0603 na 0805 vifaa vimeachana milimita 4, kwa hiyo 50 ni sentimita 20 kamili. Kwa 0402 ni milimita 2, yaani sentimita 10.

Kitabu cha kapasita, na kwa nini hapana

Lebo ya kawaida husema "10 µF, 0603", yaani maikrofaradi 10. Basi. Kapasita ya seramiki haina alama yoyote mgongoni, kwa hiyo hakuna pengine pa kupata jibu.

Kwanza aina ya seramiki. C0G, ambayo pia huitwa NP0, husogea si zaidi ya sehemu 30 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Huichukulii kama tatizo. X7R hukaa ndani ya asilimia 15 juu au chini kutoka nyuzi −55 hadi 125. X5R ni vilevile lakini hadi 85. Y5V, ambayo bado hujificha kwenye vitabu vya bei rahisi hasa kuanzia µF 1, inaruhusiwa kupoteza hadi asilimia 82 kati ya −30 na 85. Kapasita iliyoandikwa µF 10 inaweza kubaki na µF 2 ikiwa karibu na regulata (chipu ya kushusha na kutuliza volti) yenye moto, na bado mtengenezaji hajavunja ahadi yoyote.

Pili, na hapa hata wenye uzoefu hujikwaa, herufi X7R hazisemi lolote kuhusu volti. Seramiki zote za kundi hilo, X7R na X5R pamoja, hupungukiwa na uwezo zikikaa chini ya volti ya moja kwa moja. Upungufu hutegemea unene wa tabaka za ndani, na kadiri mtengenezaji anavyobana µF nyingi kwenye kijiwe kidogo ndivyo tabaka zinavyokuwa nyembamba. Kapasita ya nF (nanofaradi) 100, 50 V, X7R, 0603 kwenye laini ya 3.3 V haipotezi kitu cha kuzungumzia. Kapasita ya µF 10, 6.3 V, X5R, 0603 kwenye laini ya 5 V huweza kubaki na chini ya nusu. Kwenye vitabu hivi, ile µF 10 ya 0603 kwa kawaida ndiyo hiyo ya 6.3 V au 10 V. Dawa ni saizi kubwa zaidi: ileile µF 10 katika 0805 ya 25 V hubaki na sehemu kubwa zaidi kwenye 5 V. Usidanganyike na volti peke yake. 0603 ya 16 V na 0603 ya 10 V zenye µF sawa huweza kukaribiana sana chini ya 5 V. Watengenezaji wakubwa kama Murata, Samsung na TDK wana zana mtandaoni zinazochora mkunjo huo kwa kila namba, na ndiyo sababu namba ya mtengenezaji ina thamani kuliko kitabu kizima.

Kama tayari unacho kitabu, usikitupe, kikague. Pima kapasita ikiwa ya baridi, kisha peleka hewa ya kukaushia nywele huku ukisoma. X7R itacheza asilimia chache. Y5V itaporomoka hadi nusu au chini yake, nayo ukurasa wake uandike Y5V kwa kalamu nzito. Kwa volti, weka rezista ya 10k kwa mfuatano, lisha 5 V, na utazame kwa oskiloskopu kapasita inachukua muda gani kufika 3.15 V. Kwa µF 10 kamili ni milisekunde 100. Ukiona 60, una kama µF 6 kwa wastani wa safari nzima, na uwezo uliobaki kwenye 5 V zenyewe ni mdogo zaidi.

Usimhukumu muuzaji kwa maltimita ya kawaida pekee. Kapasita za kundi la X hupimwa kiwandani kwa mawimbi ya volti 1 kwenye 1 kHz hadi µF 10, na juu ya hapo kwa volti 0.5 kwenye 120 Hz. Kifaa kinachopima kwa volti ndogo sana huziona ndogo kuliko zilivyo. Pia hupungua zenyewe kwa umri, asilimia chache kwa kila muda unaozidi uliopita mara kumi, na joto la kulehemu huzirudisha upya. Ndiyo maana kapasita iliyotoka kulehemiwa husoma juu. Iache siku nzima kabla ya kuilaumu au kuisifu.

Kurasa za C0G za chini ya nF 1 ndizo pekee ndani ya kitabu zinazostahili kuaminiwa bila maswali mengi. Hata hivyo, thamani thelathini za pF hutazitumia. Nyingi huenda kwenye kristali inayoipa chipu mapigo ya saa, na hesabu yake ni rahisi: chukua uwezo ambao kristali inadai, toa pF 5 hivi za njia za bodi na miguu ya chipu, zidisha kwa mbili. Kristali ya pF 18 inataka pF 26, unaweka 27. Ya pF 12.5 inataka 15. Wengi huweka 22 kila mahali kwa sababu waliiona kwenye mchoro fulani, kisha saa yao hupotoka sekunde kadhaa kwa siku.

Cha kununua badala yake

Nanofaradi 100 ndizo zitakazoliwa kuliko zote, kwa sababu kila mguu wa umeme wa kila chipu hutaka yake, milimita chache tu kutoka mguuni. Chukua 200 za X7R, 50 V, 0603. Namba zinazopatikana kwa urahisi ni CC0603KRX7R9BB104 ya Yageo au CL10B104KB8NNNC ya Samsung. Katika mpangilio wa Samsung, CL10 ni 0603 na CL21 ni 0805. Herufi inayofuata ni aina, C kwa C0G, B kwa X7R, A kwa X5R, na F ni Y5V, hiyo usiiguse. Kisha thamani, K kwa asilimia 10, na herufi ya volti: Q ni 6.3, P ni 10, O ni 16, A ni 25, B ni 50.

Kwa µF 10, vipande 50 vya 0805, X5R, 25 V, mfano CL21A106KAYNNNE. Hizi zinabeba pembejeo na matokeo (umeme unapoingia na unapotoka) ya regulata nyingi. Ongeza 50 za µF 1 za 0603, 25 V. 20 za µF 22 za 1206, 25 V. 50 za nF 10 za X7R. 50 za nF 1 za C0G. Kisha C0G za pF 12, 15, 18, 22, 27, 33, 47 na 100, ishirini ishirini. Hapo umefunika takriban kila bodi ya maikrokontrola, sensa na umeme mdogo. Kinachobaki ni kazi maalumu ambayo ingekulazimu ufungue hati ya chipu hata ungekuwa na kitabu.

Hati hiyo isomwe kweli, kwa sababu seramiki si jibu la kila mahali. Regulata ya LM1117 inadai kapasita ya matokeo yenye upinzani wa ndani kati ya ohm 0.3 na 22. Seramiki ina sehemu za elfu za ohm, na regulata huanza kutikisika. Weka kapasita ya tantali ya µF 10 au zaidi, au badilisha regulata. Pembejeo ya 12 V nayo ina mtego wake: ukichomeka adapta yenye waya mrefu kwenye bodi yenye seramiki tupu mlangoni, waya na kapasita huvutana, na volti huruka hadi karibu 24 kwa muda mfupi. Regulata inayovumilia 15 V hufa hapohapo bila moshi. Kapasita ya elektroliti ya µF 47 au 100 kando ya seramiki hutuliza mruko huo, kwa sababu ya ule upinzani wake wa ndani ambao kwingine ni kasoro.

Kwenye njia ya sauti usiweke X7R: thamani hubadilika na volti ya sauti yenyewe na kuivuruga, na ukigonga bodi kwa penseli utasikia kugonga huko kwenye spika. Weka C0G au kapasita ya filamu. Kwa kipima muda, ongeza ohm badala ya µF, ili ubaki na kapasita ndogo ya C0G.

Kulehemu na kutunza

Lehemu ya 63/37 (bati na risasi) ya milimita 0.5, ncha bapa ya milimita 1.6 hadi 2.4, joto nyuzi 320 hadi 350. Ncha ya sindano haifai. Haibebi joto la kutosha na utaishia kukandamiza. Paka lehemu kidogo kwenye pedi moja, ongeza flaksi, shika kifaa kwa kibano, yeyusha ile lehemu na ukisukume kifaa mahali pake kikiwa kimelala bapa. Acha igande. Lehemu upande wa pili, kisha rudi wa kwanza na lehemu mpya kidogo. Pedi iliyoungana na uwanja mzima wa ardhi bila vijiti vyembamba vya kuzuia joto itakupa lehemu iliyoganda kijuujuu. Hilo husahihishwa kwenye mchoro, si kwa kuongeza nyuzi.

Rezista huvumilia kuguswa na ncha. Kapasita ya seramiki haipendi: gusa pedi, acha lehemu ipeleke joto, hasa kwa 1206. Mpasuko wa ndani hauonekani, na kapasita iliyopasuka huweza kupiga shoti, mara nyingine baada ya wiki kadhaa. Mpasuko huohuo huletwa na bodi kupindwa. Kwa hiyo weka kapasita kubwa mbali na kingo za kukatia na matundu ya skrubu, na kama haina budi kukaa karibu na mstari wa kukatia, ilaze sambamba na mstari huo.

Kibano kiwe kisichovuta sumaku; vichwa vya vifaa hivi vina nikeli, na kibano chenye sumaku hakikubali kuachia. Utepe wa juu ubanduliwe polepole, vifaa viwili vitatu kwa wakati, maana umeme tuli wa plastiki hurusha 0603 kutoka mfukoni mwake. Kata utepe kati ya kifaa na kifaa, na uandike thamani kwa kalamu kwenye karatasi ya utepe wenyewe kabla ya gundi ya lebo kukauka na kudondoka. Vipande visifungwe kwa mipira ya mpira. Salfa iliyomo ndani yake hula fedha iliyo chini ya vichwa vya rezista, na zingine hukatika kabisa zikiwa bado kwenye utepe.